Daftari, lahajedwali au mfumo: njia tatu za kupanga miadi inayogusa daktari, chumba na mashine kwa pamoja

Kadi ya kliniki huandikwa tarehe moja tu. Nyuma ya tarehe hiyo, kwa mama anayetoka Same kuja Moshi kupigwa ultrasaundi na kuonana na daktari wa wanawake, kuna daktari, chumba, mashine, mtu wa kuiendesha mashine, na pengine majibu ya maabara yaliyopaswa kutoka kabla ya hayo yote. Kimoja kikikosekana, mama amesafiri zaidi ya kilomita 100 kuja kuambiwa arudi Alhamisi.

Ulinganisho huu ni kwa hospitali na vituo vya afya vya Moshi, Arusha na wilaya za jirani vilivyokwama kati ya njia tatu: daftari kwa kila idara, dawati moja lenye lahajedwali (jedwali la kompyuta kama la Excel), au moduli ya miadi, yaani sehemu ya kupangia miadi, ndani ya mfumo wa kompyuta wa hospitali. Zote zinaweza kuendeshwa vizuri, na kila moja ina namna yake ya kuharibika.

## Kwanza jua unapanga miadi ya aina gani

Kuna miadi ya pamoja, ambapo kila kitu lazima kiwe huru saa ileile. Upasuaji ndio mfano wa wazi: mpasuaji, mtaalamu wa dawa za usingizi, chumba, wauguzi, seti ya vifaa vilivyotakaswa, na kitanda wodini mgonjwa akitoka. Na kuna miadi ya mfuatano, ambapo kimoja kinatangulia kingine na utaratibu ukigeuzwa kazi inaharibika. CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta) ya dawa ya kuchomwa mshipani kwa kawaida hudai kipimo cha figo (kreatinini) kwanza kwa mgonjwa mwenye hatari ya figo, hivyo maabara lazima itangulie kwa muda wa kutosha majibu kutoka. Sukari ya kufunga inahitaji mgonjwa asiwe amekula kwa saa 8 au zaidi, na ultrasaundi ya tumbo nayo inataka tumbo tupu. Basi zipange asubuhi moja: damu, kisha ultrasaundi, kisha mgonjwa akanywe chai. Ile ya nyonga, inayopigwa juu ya tumbo, inataka kibofu kilichojaa, yaani maji kama lita moja, saa moja kabla. Ukimpanga mgonjwa saa 2 kwa nyonga na saa 4 kwa sukari ya kufunga, umemfungisha asubuhi nzima bila sababu.

Kisha tafuta rasilimali iliyojificha. Kwenye endoskopi (kuangalia ndani ya mwili kwa mrija wenye kamera), chumba kinaweza kuwa huru na daktari yupo, lakini kamera ni moja, na kuiosha na kuiloweka kwenye dawa baada ya kila mgonjwa kunachukua zaidi ya nusu saa. Kamera ndiyo inayoamua idadi ya wagonjwa, si daktari. Theta (chumba cha upasuaji) nayo: seti ya vifaa iliyofungwa ikitakaswa kwa nyuzi joto 121 kwa dakika 30, ukiongeza muda wa kupasha na kukausha, inakaribia saa nzima au kupita. Hospitali yenye seti mbili za upasuaji wa tumbo na vyumba vitatu ina vyumba viwili vya upasuaji wa tumbo, hata kibao mlangoni kiseme nini. Kwa wagonjwa wa Longido, Monduli au Simanjiro wasiozungumza Kiswahili, mkalimani wa Kimaasai ni rasilimali kama nyingine, na asipopangwa, mashauriano ya dakika 15 hugeuka nusu saa ya kuonyeshana kwa vidole.

## Vigezo

Tutazipima njia zote tatu kwa mambo haya: zinavyoshika nafasi na kuonyesha mgongano, zinavyohamisha miadi daktari akiitwa kwenye dharura au mashine ikifa, zinavyostahimili umeme na mtandao kukatika, na gharama, pamoja na siri ya mgonjwa.

Juu ya vyote hivyo kuna swali ambalo si la chombo: nani ana haki ya kugawa nafasi? Ikiwa ultrasaundi inagawa nafasi zake, kliniki inagawa zake, na daktari bingwa anagawa zake kwa simu ya mkononi, hakuna programu itakayowapatanisha. Hospitali nyingi hununua mfumo zikitarajia umalize mvutano huu, halafu mvutano unahamia ndani ya kompyuta. Malizeni kwanza kikaoni.

## Njia ya 1: daftari kwa kila idara

Kushika nafasi. Karani anayempangia mgonjwa rasilimali tatu anapiga simu au anatembea hadi kwenye madaftari matatu, na kati ya la kwanza na la tatu nafasi inaweza kuchukuliwa na mwingine. Dawa yake ni penseli. Anza na rasilimali adimu kuliko zote, andika kwa penseli, nenda kwa inayofuata kwa uadimu. Zote zikikubali, rudi uandike kwa wino. Moja ikikataa, futa zote siku hiyohiyo. Penseli zisizofutwa ndizo zinazofanya daftari lionekane limejaa huku chumba kiko kitupu.

Mchoro wa ukurasa una uzito kuliko watu wanavyodhani. Kaunta buku lenye orodha ya majina kutoka namba 1 hadi 40 linaonyesha idadi tu. Chora ukurasa mmoja kwa siku moja, mistari ya dakika 30 kwenda chini, na safu moja kwa kila rasilimali: daktari, chumba, mashine, mkalimani. Hapo mgongano unaonekana kwa jicho. Jina la ukoo peke yake halitoshi. Ukurasa mmoja wa Moshi unaweza kuwa na akina Mushi wanne, na wa Arusha akina Mollel watatu. Andika namba ya jalada, jina la kwanza na simu.

Kuhamisha. Hapa ndipo daftari linapoumia. Kliniki ya wagonjwa 18 ikiahirishwa, karani anawapigia simu wote 18, lakini nafasi zao za ultrasaundi zinabaki zimeshikwa kwenye daftari la chumba kingine. Kinachosaidia ni kuandika pembeni ya kila jina herufi za idara nyingine zinazohusika (U kwa ultrasaundi, M kwa maabara, T kwa theta) na kuweka kanuni kwamba anayefuta jina ndiye anayezipigia idara hizo.

Umeme na mtandao. Havihusiki. Ila daftari halina nakala, na likimwagikiwa chai au likipotea, miezi miwili ya miadi imepotea nalo. Piga picha kurasa za wiki inayokuja kila Ijumaa kwa simu ya ofisi, si ya mtu binafsi.

Gharama na siri. Fedha ni kidogo. Kinacholiwa ni muda wa karani. Siri ni dhaifu: daftari lililofunguliwa dirishani linasomwa na kila anayeinama kuuliza foleni.

Inafaa kituo chenye daktari mmoja au wawili, mashine moja, na miadi ambayo mara nyingi inagusa rasilimali mbili tu.

## Njia ya 2: dawati moja lenye lahajedwali

Kinachobadilika zaidi hapa ni dawati, kompyuta inafuata. Idara zinaacha kugawa nafasi na kumkabidhi kazi hiyo mtu mmoja anayeona zote. Zitakataa mwanzoni, na zina hoja: daktari anajua ni mgonjwa gani hawezi kungoja wiki tatu. Njia ya kati ni kuiachia kila idara sehemu ndogo ya nafasi zake, kwa mfano saa ya mwisho ya kila siku, igawe yenyewe. Zilizobaki ni za dawati bila ubishi.

Kushika nafasi. Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuandika mstari mmoja kwa mgonjwa mmoja, na kwenye kisanduku kimoja kujaza "Dkt + ultrasaundi + chumba 4". Kompyuta haiwezi kuchambua hilo. Andika mstari mmoja kwa kila rasilimali. Safu A iwe namba ya miadi, B rasilimali, C tarehe, D saa ya kuanza, E saa ya kumaliza, F namba ya jalada, G simu. Miadi yenye rasilimali tatu inachukua mistari mitatu yenye namba moja kwenye A. Kisha kwenye safu H, mstari wa 2, weka fomula hii na kuivuta chini:

=COUNTIFS($B:$B,B2,$C:$C,C2,$D:$D,"<"&E2,$E:$E,">"&D2)>1

Inatafuta mistari yote ya rasilimali ileile na tarehe ileile inayoanza kabla hii haijaisha na kuisha baada ya hii kuanza. Mstari wenyewe unajihesabu, ndiyo maana ya "zaidi ya 1". Ikijibu TRUE, kuna mgongano, ipake nyekundu. Kwenye safu E jumlisha muda wa kusafisha na kubadilisha shuka, la sivyo fomula itakubali ratiba ambayo wauguzi hawawezi kuifuata. Muda huo usiubuni. Simameni na saa kwa wiki 2, mwandike kila mgonjwa alivyoingia na kutoka.

Mitego ni mitatu. Saa iliyoingizwa kama maandishi ("saa 3" badala ya 09:00) hailinganishwi, na fomula inakaa kimya kana kwamba mambo ni shwari. Kupanga upya safu moja tu bila nyingine kunawapa wagonjwa tarehe za wenzao. Na faili likifunguliwa na watu wawili kwenye mtandao wa ndani, wa pili mara nyingi anapewa la kusoma tu, analihifadhi kwa jina jipya, na kufikia Ijumaa kuna "Miadi mpya 2 sahihi kabisa". Anayeandika awe mmoja kwa wakati mmoja. Lahajedwali la mtandaoni linaruhusu wengi, ila nalo halimzuii mtu kushika nafasi iliyoshikwa. Linaonyesha nyekundu baada ya tendo.

Kuhamisha. Chuja safu B kwa jina la daktari na C kwa tarehe. Unapata orodha na simu. Chukua namba za safu A, chuja tena, unaona kila rasilimali nyingine inayopaswa kuachiwa. Kupiga simu bado ni kwa mkono.

Umeme na mtandao. UPS ndogo (betri ya akiba ya kompyuta) inakupa dakika za kuhifadhi na kuzima, si za kufanya kazi. Chapisha ratiba ya kesho kila siku saa 10 jioni, nakala moja kwa kila idara. Umeme usiporudi hadi asubuhi, kazi inaendelea kwa karatasi. Anayetegemea lahajedwali la mtandaoni akumbuke Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti kulegea nchi nzima.

Gharama na siri. Kompyuta na printa si mzigo mkubwa. Gharama halisi ni mtu wa pili. Dawati la mtu mmoja hufa siku anapokwenda kuuguza kwao. Kuhusu siri, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti na kudhibiti usafirishaji wa taarifa nje ya nchi. Kwenye lahajedwali la mtandaoni weka namba ya jalada bila jina wala ugonjwa. Majina yabaki hospitalini.

Inafaa hospitali yenye kliniki kadhaa, ultrasaundi, eksirei na theta moja au mbili, ambapo msimamizi anaweza kuzilazimisha idara kupitia dawati. Kwa makadirio yetu, miadi ikizidi 80 hivi kwa siku mwandishi mmoja anaanza kuzidiwa.

## Njia ya 3: moduli ya miadi ndani ya mfumo wa hospitali

Vituo vingi vya serikali vinatumia GoT-HoMIS, mfumo wa serikali wa kuendesha hospitali. Vya dini na vya binafsi hununua mfumo au hutumia wa wazi (usiolipiwa leseni) kama OpenMRS na Bahmni. Jihadhari na neno "miadi" kwenye menyu. Mara nyingi linamaanisha tarehe ya kurudi tu, au miadi iliyofungwa kwa daktari na kliniki, huku mashine, chumba na vifaa havihesabiwi. FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya, kinatenganisha ratiba, nafasi na miadi, na miadi moja inaruhusiwa kuwa na washiriki wengi, kifaa na mahali vikiwemo. Muulize muuzaji kama mfumo wake umejengwa kwa fikra hiyo, kisha usimwamini mpaka umejaribu.

Kushika nafasi. Jaribu mbele yake, kwenye kompyuta mbili. Panga daktari, chumba na ultrasaundi Jumanne saa 3:00 asubuhi. Kwenye kompyuta ya pili jaribu kuichukua ultrasaundi ileile saa 3:15. Lazima ikatae, si kuonya tu. Panga tena miadi ya rasilimali tatu, na kabla ya kubonyeza mwisho chomoa waya wa mtandao: ikibaki nusu ya miadi, yaani daktari ameshikwa na mashine haijashikwa, mfumo huo utakujazia ratiba mizimu. Halafu jaribu mfuatano: je, unakubali CT ya dawa kabla ya kreatinini bila kusema neno?

Kuhamisha. Hapa moduli nzuri inazipita nyingine mbali. Weka mashine kwenye matengenezo kwa siku 3 uone kama inatoa orodha ya walioguswa pamoja na simu zao. Futa miadi moja uone kama nafasi zote tatu zinafunguka. Ikiweza kutuma ujumbe wa simu kwa wote, umeokoa siku nzima ya karani. Kambi za madaktari bingwa zinapokuja na kufagia ratiba ya wiki, uwezo huu ndio unaotofautisha hospitali iliyojipanga na ile yenye ugomvi mapokezini.

Umeme na mtandao. Seva iliyomo hospitalini, yenye UPS na jenereta, inaendelea hata intaneti ikifa. Iliyoko nje haiendelei. Vyovyote iwavyo, ile karatasi ya saa 10 jioni bado inahitajika. Kama mfumo hauwezi kuichapisha kwa kila idara, hiyo ni kasoro ya kuandikwa kwenye mkataba.

Gharama na siri. Usihesabu ada peke yake. Hesabu mafunzo, mtandao wa ndani, na mtu wa kuingiza zamu, likizo na matengenezo kila wiki. Bila huyo, mfumo utagawa kwa usahihi mkubwa nafasi za daktari aliye likizo. Siri ni bora kuliko kwingine ikiwa kila mtumishi ana nywila yake. Nywila moja ya mapokezi yote, iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta, inarudisha mambo kwenye daftari la dirishani.

Inafaa hospitali ya rufaa au yenye idara nyingi ambazo tayari zinaandika huduma ndani ya mfumo huohuo.

## Saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta

Tatizo hili halipo kwenye miongozo ya wauzaji, na linakumba njia zote. Kompyuta inatuma "08:00". Mgonjwa anasoma saa nane na kufika mchana. Kwenye kadi na ujumbe andika "saa 2:00 asubuhi", na kwenye lahajedwali hakikisha karani hajaandika 2:00 akimaanisha asubuhi, maana kompyuta itaelewa saa nane usiku.

Ujumbe ubaki ndani ya herufi 160 ili usihesabiwe mbili: "Miadi yako ni Jumanne 14/7 saa 3:00 asubuhi. Usile kuanzia saa 6 usiku. Njoo na kadi na bima. Kubadili piga namba iliyo kwenye kadi." Usitaje jina la kliniki. Simu nyingi vijijini zinatumiwa na nyumba nzima, na neno CTC (kliniki ya wanaoishi na VVU) kwenye kioo linaweza kumvunjia mtu ndoa.

## Kwa hali yako

Kama kituo chako kina ultrasaundi moja na mtaalamu wake anakuja siku mbili kwa wiki, baki na daftari, lakini lichore upya kwa safu za rasilimali na uanze kanuni ya penseli. Usinunue kitu.

Kama wagonjwa wanarudishwa kwa sababu idara hazijuani, huku kila idara peke yake inafanya vizuri, unahitaji dawati. Lianzishe hata kwa kaunta buku moja kubwa. Lahajedwali lije baada ya miezi 3, mabishano ya nani anagawa yakishatulia.

Kama kikwazo ni theta, usianze na ratiba ya vyumba. Hesabu seti, mizunguko ya kutakasa na wataalamu wa usingizi, kisha acha nafasi ya dharura kila siku. Lahajedwali la mistari kwa rasilimali linatosha kwa vyumba viwili. Ukifika vyumba vinne na wodi kadhaa zinazogombea vitanda, nenda kwenye moduli.

Kama tayari una mfumo na moduli yake haishiki mashine, usiulazimishe. Tarehe ya daktari iandikwe kwenye mfumo, mashine zibaki kwenye lahajedwali la dawati, na namba ya miadi iwe moja kotekote. Kuandika mara mbili kunachosha, lakini ni nafuu kuliko kubadili mfumo katikati ya mwaka.

Kama wengi wa wagonjwa wako wanatoka mbali, Loliondo au vijiji vya juu vya Rombo, usiwape wote saa 2 asubuhi. Wagawe kwa makundi ya kila saa, walio karibu watangulie, wa mbali waanze saa 4 au 5, na ikibidi vipimo na daktari viwe siku moja hata kama ni kwa kuwabana wa mjini. Siku ya mnada wa kijijini kwao hawaji. Ulizeni mnapoandika kadi.

Na kwa Moshi, vyovyote utakavyochagua, usianze mwezi Desemba. Waliotawanyika nchi nzima wanarudi nyumbani, kila mmoja anataka kumpeleka mzazi wake kupimwa kabla ya Mwaka Mpya, na watumishi wenyewe wako likizo. Anza Februari, ratiba ikiwa imetulia na mvua za masika bado hazijakata barabara.